Seli Kifudifudi

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla hajamaliza kufunga koti lake la kazi, Skolastika Mlowe alikuwa tayari anasubiriwa na watu laki sita ili aombe.

Idadi hiyo ilikuwa imeandikwa ukutani juu ya mlango wa karakana, kwa tarakimu nyekundu ambazo hazikutulia. Laki sita na elfu mbili. Laki sita na elfu tano. Nje, upepo wa Makambako ulikuwa ukipiga mabati kama mtu aliyefungiwa mlango, na baridi ilikuwa ile ya mwezi wa saba inayopenya hata soksi mbili. Ndani, wafanyakazi thelathini na wanne walikuwa wamesimama nyuma ya meza zao, kila mmoja na jicho lake kolani.

Jicho lilikuwa kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Liliona, lilisikia, na lilihesabu mapigo ya moyo. Ulilivaa ukiingia getini, ukalivua ukitoka. Ukilivua kabla ya zamu kwisha, kwa sababu yoyote ile, ulikuwa umejitoa mwenyewe kazini. Mkataba ulisema hivyo, na hakuna aliyewahi kujaribu.

"Mama Skola," alisema Bwana Rweyongeza, msimamizi wa kipindi kilichorushwa hewani kutoka hapo, akimnyooshea kola kwa vidole viwili. "Jana chozi lilikuja baada ya amina. Watu walikuwa wameshahama."

"Chozi halina saa, Bwana Rweyongeza."

"Najua, mama yangu. Nakuomba tu. Likija, lije katikati."

Skolastika akafumba macho. Kuomba kabla ya kazi kulikuwa desturi ya meza ya wapimaji tangu zamani: watu sita, maneno machache, kisha kila mtu kwenye trei yake. Kipindi kilipokuja, waandaaji waliona jinsi mapigo ya moyo wake yalivyoshuka anapoomba, kutoka themanini hadi hamsini na nane, na watazamaji wakapenda kuitazama namba hiyo ikishuka. Wakaiita Dakika ya Skola. Siku hizi kampuni moja ya mablanketi ndiyo iliyoidhamini.

"Baba," alianza, "tunakukabidhi siku hii, na mikono hii..."

Hapo hapo, katikati ya maombi, akajikuta anajisikiliza. Aliona neno "mikono" limetua vizuri. Akaacha pumzi kidogo baada yake ili lizame. Chozi likaja, katikati kabisa, na Rweyongeza akainua dole gumba.

Wote wakaitikia amina. Skolastika akafungua macho, na moyo wake ukawa kama wa mtu aliyefika safari akashindwa kukumbuka kama alizima jiko.

*

Karakana ile ilifufua betri za pikipiki. Betri iliyochoka ilifunguliwa, seli zake zikatolewa, bapa kama madaftari madogo yaliyofunikwa karatasi ya fedha, zikajazwa umeme upya, zikaachwa dakika ishirini. Kisha zikapimwa joto. Seli nzima hupoa. Seli yenye ugonjwa ndani hubaki na uvuguvugu, na ukiifungia ndani ya betri pamoja na wenzake, siku moja itawaka chini ya mtu anayekwenda zake sokoni.

Zamani kulikuwa na mashine ya kupima joto. Ilipima seli mia tatu kwa saa, ikilia tii, tii, tii. Waandaaji wakagundua kwamba sauti ile inawachosha watazamaji. Walichokipenda ni Mzee Desideri Nyagawa, mpimaji aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini, ambaye aliweka seli juu ya mgongo wa mkono, akafumba jicho moja, akatoa hukumu. "Huyu mzima." "Huyu mgonjwa, mpelekeni mchangani." Hakukosea. Watu walianza kununua fulana zenye picha ya mkono wake. Mashine ikafunikwa turubai, na baada ya mwezi ikaondolewa kabisa.

Sasa trei ya Mzee Desideri ilisukumwa mbele ya Skolastika. Seli ishirini. Kumi na moja zilikuwa zimelazwa kifudifudi.

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya meza. Mpimaji hamwambii mpimaji mwenzake "umekosea", wala hasemi "sijui". Ukiwa na shaka na seli, unailaza kifudifudi, maandishi chini, unasukuma trei kwa jirani. Maana yake: angalia tena. Jirani anaangalia, anaigeuza, kazi inaendelea, na hakuna aliyeaibika. Mtambo wa kipindi, ambao kila jioni uliokota picha za siku nzima na kuzishona ziwe hadithi, haukuijua desturi hiyo. Uliona mikono inayogeuza vitu, basi.

Wiki saba zilizopita Mzee Desideri alilaza seli moja. Wiki iliyofuata, tatu kwa siku. Kisha saa ya chai Skolastika alimwona ameshika kikombe cha bati kilichotoka jikoni kikitoa mvuke, amekishika mzima mzima kwa viganja vyote viwili, anaongea na kucheka, wala hashtuki. Ndipo akaelewa. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekula hisia za mikono yake. Ganzi ilikuwa imepanda hadi mgongo wa mkono, na nchi nzima ilikuwa imevaa mkono huo kifuani.

Hakuna aliyesema neno. Ungesemea wapi? Jicho lilikuwa kolani. Mzee alitoa hukumu kwa sauti kubwa, "Huyu mzima!", huku akiilaza seli kifudifudi, na Skolastika akaipima upya chini ya ukingo wa meza. Wapimaji wengine wanne walikuwa wameshapumzishwa msimu huo.

"Kupumzishwa" ndilo neno walilolitumia. Kila Jumamosi watazamaji walipiga kura, na mwenye kura chache alirudisha koti. Aliyepumzishwa hakupata kazi kwingine. Hakukuwa na amri yoyote, ila nchi nzima ilikuwa imeshamwona akipiga miayo. Anyelwisye, aliyetolewa kwa uvivu mwezi wa tano, alikuwa hawezi kununua nyanya bila muuzaji kumwambia, "Chagua mwenyewe kaka, au nikuletee na kitanda?" Siku moja alimjibu muuzaji kwa ngumi. Sasa hatoki ndani.

"Mzee Desideri!" Tumsifu alipaza sauti kutoka meza ya kufungia betri. "Hao unawapima au unawabembeleza? Wenzako huku tunafunga hewa!"

"Mwanangu, seli ni kama mkwe. Humkimbizi."

"Basi huyo mkwe wako atanikuta nimezeeka!"

Karakana ikacheka. Watazamaji walimwita Tumsifu Nyoka, na yeye aliwapa unyoka wao kila siku kama mtu anayepeleka maziwa. Mwaka wa kwanza alijaribu kuwa mpole akakaribia kutolewa. "Ulimi huu ndio unaoniweka mjini," alimwambia Skolastika siku moja getini, baada ya kuvua jicho, na macho yake yalikuwa mekundu.

*

Wakati mwingine Skolastika alijiuliza wanatazama nini, watu wote hao. Pasaka alimuuliza Yusta, binti wa kaka yake, aliyekuwa karani katika ofisi moja Dodoma.

"Shangazi, sisi tunawafungulia kuanzia saa nne."

"Hamna kazi?"

"Tunazo. Mnakaa pembeni ya kioo cha kompyuta, padogo tu. Bosi akipita tunawafunika." Yusta alicheka, kisha akaacha kucheka. "Shangazi, hata kwetu yupo anayepeleka maneno kwa bosi. Yupo anayebeba sifa ya kazi ya mwenzake. Yupo anayelia chooni akatoka amepaka poda. Ni yale yale. Tofauti ni kwamba kwenu tunaona kila kitu, na Jumamosi tunapiga kura. Kwetu kura zinapigwa, lakini wapigaji hatuwaoni."

"Na mnampigia nani?"

"Mimi nakupigia wewe. Lakini wa kumtoa ndiye tunayemfikiria zaidi, nikuambie ukweli. Nikimtoa mvivu wenu, siku hiyo nalala vizuri."

*

Alhamisi Rweyongeza alitangaza kwamba msimu unakwisha, na kwa heshima ya fainali trei zitaongezwa mara mbili. Kufikia saa nane mchana Skolastika alikuwa hajainua kichwa. Alikuwa anapima zake na za Mzee, akizipitisha haraka haraka, na kuna wakati hakujua tena kama ule uvuguvugu ni wa seli au ni wa damu yake mwenyewe. Trei moja ilimpita hivyo. Aliisukuma mbele, kisha akageuka kuitafuta, lakini ilikuwa imeshachanganyika na nyingine kwenye meza ya Tumsifu.

Akapanda ngazi hadi chumba cha vioo.

"Bwana Rweyongeza, naomba mashine ya joto irudi."

Rweyongeza aligeuza kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasomesha wadogo zake watatu, na yeye pia alikuwa na namba yake ukutani. "Kwa nini, mama?"

"Kazi imezidi. Tunaweza kukosea."

"Nani anakosea?"

Skolastika akainua macho. Kwenye kioo nyuma ya Rweyongeza aliona uso wake mwenyewe, na chini yake mapigo ya moyo: tisini na sita, mia moja na nne, mia moja na kumi na moja. Idadi ya watazamaji ilianza kupanda pamoja nayo.

Rweyongeza aliiona pia. Akainuka taratibu, sauti yake ikawa laini kama ya mtu aliyeona ndege ametua karibu. "Mama Skola. Kama kuna mtu, usiniambie hapa, hapa mwanga ni mbaya. Mwambie mwenyewe, mezani, kesho. Mshike mkono. Muombee kabisa. Unajua nchi itakavyolia?"

Aliiona hadithi yote ikiwa imeshashonwa: Mzee Desideri ameinamisha kichwa, wimbo wa taratibu, mikono ile miwili imekuzwa hadi kujaza kioo. Halafu Jumamosi. Halafu watu wa sokoni, kwa miaka yote iliyobaki, wakimpa mzee vikombe vya moto ili wacheke.

Angesema, ukweli ungeliwa kama karanga. Asiposema, kuna mtu asiyemjua angepanda pikipiki. Alisimama pale akitafuta njia ya tatu, akamwita Mungu moyoni, na hata moyoni alisikia sauti ile ya asubuhi, ile yenye pumzi iliyopangwa.

"Hakuna mtu," alisema.

*

Ijumaa, saa nne na robo, moshi ulitoka kwenye maboksi ya betri zilizokamilika, karibu na mlango mkubwa.

Ulikuwa uzi mwembamba, mweupe. Mtu wa kwanza kuuona alikuwa Method Kilasi, fundi wa kufunga betri, na jambo la kwanza alilofanya Method lilikuwa kujiweka sawa kola.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu waandaaji waliwasha moshi wa maigizo stoo bila kumwambia mtu. Method alimbeba mwenzake begani akakimbia naye hadi uani, na wiki ile akapata kura kuliko mtu yeyote. Baadaye waliambiwa kwamba ulikuwa mtihani, na kwamba mitihani mingine itakuja, na kwamba mtambo wenyewe ndio utakaoamua lini. Tangu siku hiyo, kila mtu alijua atakachofanya moshi ukija tena. Walikuwa wamelala nacho na kuamka nacho.

Kwa hiyo hakuna aliyekimbia. Method akamnyakua Tumsifu kiunoni. "Nishushe, mjinga wewe, nina miguu!" Mama wa stoo alipiga magoti, akiwa amechagua upande wenye mwanga. Kijana wa mizigo alivua koti akaenda kuupepea moshi, uso ameuelekeza pembeni ili jicho la mwenzake lipate sura yake. Juu, nyuma ya vioo, Rweyongeza alikuwa ameshika kichwa kwa furaha. Alidhani mtambo umeanza.

Skolastika alinusa harufu.

Moshi wa mwezi wa tatu haukuwa na harufu. Huu ulinukia utamu, utamu mzito kama wa mapapai yaliyooza, na kila mpimaji anaijua harufu hiyo, maana ndiyo ya mwisho kabla ya mlipuko. Alimgeukia Mzee Desideri. Mzee alikuwa ameshainuka, uso umekuwa wa kijivu, ameinyoosha mikono yake mbele na kuitazama.

"Ni kweli!" Skolastika alipiga kelele. "Siyo mtihani! Tokeni nje, mlango wa nyuma!"

"Hapo hapo, Mama Skola!" Method alimjibu. "Ongeza!"

"Nawaambia kwa jina la Mungu, huo ni moto!"

"Amina!" mtu akaitikia.

Ile amina ilimchoma kuliko kitu chochote kilichowahi kumgusa. Walikuwa wanamwitikia vizuri. Walikuwa wanamsaidia. Kwa miaka miwili alikuwa amewapa sauti hiyo kila asubuhi, yenye machozi yake kwa wakati wake, na sasa hakuwa amebaki na sauti nyingine ya kuwaambia kwamba watakufa.

Kijana wa mizigo alikuwa hatua mbili kutoka kwenye maboksi.

Skolastika akapeleka mkono kolani. Akalibana jicho, akalizungusha, likatoka na kipande cha uzi. Akaliinua juu ili walione wote, akalitupa ndani ya pipa la mchanga, na kwenye chumba cha vioo picha moja kati ya thelathini na nne ikawa nyeusi.

Kijana wa mizigo akasimama alipo. Ulisikika upepo tu kwenye mabati.

"Kalivua," alisema Tumsifu. Bado alikuwa begani kwa Method. Kisha sauti yake ikapasuka, na haikuwa sauti ya Nyoka wala ya mtu yeyote wa kwenye kioo. "Jamani, kalivua! Tokeni! Tokeni!"

Wakakimbia. Walikimbia vibaya, bila mpangilio, wakikanyagana, mama wa stoo akiacha kiatu, kijana wa mizigo akiacha koti. Mtu wa mwisho alipovuka mlango wa nyuma, boksi la kwanza lililia paa, kisha la pili, kisha yote.

*

Walihesabiana uani, mara tatu. Thelathini na wanne, na Rweyongeza aliyeshuka kwa ngazi ya dharura. Method alikuwa ameungua sikio. Walisimama kwenye changarawe, na paa la karakana lilikuwa linakunjamana kama karatasi.

Mzee Desideri alimjia Skolastika polepole.

"Dada yangu," alisema, "ile ilipita mkononi mwangu."

"Ilipita na kwangu, kaka. Jana. Niliisukuma."

"Uliisukuma kwa sababu nilikulundikia."

"Nililundikiwa nikanyamaza. Wiki saba." Akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kuulizia chumvi dukani. "Mikono ya Mzee haisikii joto. Nilijua. Nilidhani namstiri yeye peke yake, kumbe nilikuwa naficha moto chini yenu. Na betri zilizotoka wiki hizi saba lazima zirudishwe, zote. Nisameheni."

Wengi walikuwa wanajishika kola, kwa mazoea. Tumsifu akavua koti lake lililoungua pindo, akamfunika Mzee Desideri mabegani, akasema, "Na mimi nilikuwa nawacheka. Kaa chini, baba, utaanguka."

Rweyongeza alifika akihema, viatu vyake vizuri vimejaa majivu. Mkononi alishika jicho jipya, bado kwenye plastiki yake.

"Mama Skola. Sikiliza. Tutasema lilidondoka. Mkataba haujavunjika, umenielewa? Mtambo umeshaanza kushona: wewe umeokoa watu, Mzee amekosea, wewe unamsamehe. Milioni tatu wanasubiri, mama. Milioni tatu. Na hilo la betri kurudishwa, liseme hewani, watalisikia haraka kuliko polisi. Vaa, uombe. Maneno mawili tu."

Hapo alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomsumbua Skolastika kuliko yote. Kuna mtu huko anawasha pikipiki. Alitazama kidude kile kinavyong'aa, akamtazama Mzee Desideri chini ya koti la Tumsifu.

Akalipokea, akaichana plastiki yake, lakini hakulivaa. Alilishika mbele ya mdomo wake kama mtu anayeongea na simu.

"Betri za Makambako za wiki saba hizi, msipande pikipiki zake. Zitoeni, zifukieni mchangani. Waliozipima ni wawili, na mimi Skolastika Mlowe nilijua. Mashine ya kupima joto iliondolewa kwa sababu ilikuwa inawachosha. Ni hayo."

"Na maombi?" Rweyongeza alinong'ona.

Akauchukua mkono wa Rweyongeza, akakifungua kiganja, akaweka jicho juu yake. Kisha akaligeuza kwa kidole kimoja, kifudifudi, likatazama ngozi.

Rweyongeza aliangalia kiganja chake bila kuelewa. Lakini Mzee Desideri, aliyekaa kwenye changarawe, alielewa, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akauficha uso wake mikononi.

Skolastika akatembea hadi nyuma ya tangi la maji, upande ambao upepo ulikuwa mkali na hapakuwa na mtu. Akapiga magoti kwenye mawe. Alisubiri maneno yaje, na hayakuja. Akafungua mdomo, akaufunga. Hakujua moyo wake unapiga mara ngapi.

"Baba," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, akaishia hapo. Akainama, akaweka paji la uso chini, akabaki hivyo.